Masikio ya Mzee Mbele ya Hori

Pango la Noeli lilianza na mtu aliyetaka kuona kwa macho. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliomba aandaliwe hori lenye majani makavu, ng'ombe na punda, ili wanakijiji waone Mtoto Yesu alizaliwa katika ufukara wa namna gani. Usiku ule hapakuwa na sanamu za wachungaji wala za Mamajusi. Watu waliofika na mienge yao ndio waliojaza nafasi hizo, na kila aliyesimama pale alikuwa sehemu ya pango.

Sanamu zilikuja baadaye, na zilipokuja zilikuwa na sura za watu wa huko zilikotengenezwa. Huku kwetu Kemambo, tulikuwa kwa miaka mingi na sanamu za plasta zenye nywele za dhahabu na mashavu ya waridi. Tulizipenda na watoto walizibusu. Zilipovunjika moja baada ya nyingine, kondoo wakabaki na miguu mitatu na mchungaji bila mkono, jumuiya yetu ndogondogo iliamua kufinyanga za kwetu. Tulikuwa watu wanane: kina mama watano na vijana watatu, wawili kati yao wakija jioni na vumbi la machimbo bado mikononi. Tunaandika haya kwa niaba ya wote wanane, ingawa katika jambo moja hatukukubaliana, na hilo nalo tutalieleza.

Kufinyanga hakukutupa shida. Udongo tuliutoa bondeni, tukauchekecha, tukaukanda na kuuacha ulale. Kila sanamu ilikuwa na urefu wa kiganja. Tulizikausha kivulini siku nyingi, maana jua kali hupasua udongo mbichi, kisha tukazichoma shimoni kwa mavi makavu ya ng'ombe. Wanyama walitutoka vizuri kuliko watu. Kwa Mkurya ng'ombe si mgeni. Tulimfinyanga mwenye nundu, na mabishano juu ya rangi yake, kama awe na mabaka au awe mwekundu mtupu, yalichukua jioni nzima na kutuchekesha sana.

Kazi ilikuwa kwenye nyuso. Anayepaka sanamu ndogo hujifunza haraka kwamba rangi nzito ni adui yake. Huziba macho, huziba mkunjo wa mdomo, na uso wote hugeuka bonge. Kwa hiyo tulisugua kwa msasa laini, tukapaka rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa iwe msingi, tukaacha ikauke. Rangi ya ngozi tuliichanganya wenyewe: nyekundu, njano, na nyeusi kidogo sana, tone kwa tone, tukiilinganisha na migongo ya mikono yetu. Tuligundua kwamba migongo minane ya mikono ni rangi nane. Tulianza na rangi ya giza kwenye mashimo ya macho na chini ya kidevu, halafu iliyokolea kidogo kwenye mashavu, na mwisho ile angavu kwenye paji la uso, mfupa wa pua na vifundo vya vidole. Mipako mitatu myepesi inapita mmoja mzito. Macho tuliyatia kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno, tukishikilia pumzi.

Tulipofika kwa Mamajusi tukasimama. Injili ya Mathayo haisemi walikuwa wangapi wala haiwaiti wafalme. Inasema tu walitoka mashariki, walifuata nyota, walisujudu na kutoa zawadi. Mama mmoja akapendekeza kwamba mmoja wao awe mzee wa Kikurya: blanketi begani, fimbo, usinga mkononi, na masikio. Aliposema masikio tulielewa wote. Hakuwa anawaza mzee yeyote tu.

Msomaji asiye wa huku anahitaji maelezo kidogo. Zamani Mkurya, mwanamume kwa mwanamke, alitobolewa ndewe za masikio akiwa mdogo. Tundu liliwekwa kijiti, kisha kipande kinene zaidi, na kingine, mpaka ndewe ikanyooka na kuning'inia kama kitanzi. Ulikuwa uzuri, na ulikuwa pia namna ya kujulikana. Vijana wa leo hawafanyi hivyo tena. Waliobaki na masikio hayo ni wazee, na kila mwaka tunawazika.

Katika kigango chetu yuko mzee mmoja wa aina hiyo. Hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na kofia ya sufu huishusha hadi shingoni hata wakati wa joto. Ndewe zake amezikunja na kuzipachika juu ya sikio zisionekane. Wengi wetu tulikua tukidhani anasikia baridi. Katika ujana wake, alipokuwa anajiandaa kwa ubatizo, mtu mmoja mwenye sauti kubwa katika mafundisho yale alimwambia kwamba masikio ya namna hiyo ni alama ya giza, ashonwe kwanza. Hakushonwa. Alibatizwa hivyo hivyo miaka mingi baadaye, na mkono mwingine, lakini lile neno la kwanza lilibaki ndani ya kofia yake.

Basi tukaanza kumfinyanga. Masikio yalitaka akili. Udongo hunywea ukikauka lakini waya haunywei, kwa hiyo kitanzi cha waya kikitiwa udongoni kabla ya kuchoma hupasua kichwa. Tuliacha vitundu viwili pembeni mwa kichwa, tukachoma sanamu, kisha tukapachika vitanzi vya waya mwembamba vilivyozungushiwa kitambaa na gundi. Juu yake tukapaka rangi ile ile ya ngozi, na upande wa ndani wa kitanzi tukaupa kivuli, kwa maana bila kivuli tundu halionekani kuwa tundu. Mzee akawa mzee.

Hapo ndipo mmoja wetu akaweka brashi chini. Ni mama aliyewahi kumpokea nyumbani kwake msichana aliyetoroka usiku. Akasema, "Mkileta masikio leo, kesho mtaleta wembe."

Hatukuweza kulipuuza neno hilo, hasa katika mwezi ule. Tarime inajua Desemba ina maana gani. Shule zimefungwa, na ndio msimu ambao katika koo kadhaa wasichana wamekuwa wakikeketwa. Sheria ya nchi inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, lakini sheria hailali katika kila boma. Kanisa limefungua milango: kituo cha Masanga, hapa hapa Tarime, kimepokea wasichana wengi wanaokimbia kisu. Wakati sisi tunapaka rangi kondoo wa udongo, binti wa mtu alikuwa anakata vichaka gizani. Mama yule alikuwa anauliza swali la haki. Tukiheshimu mbele ya hori alama ambayo mila iliweka kwenye mwili, tutasema nini juu ya ile nyingine?

Tulisitisha kazi na kufungua Maandiko. Wengine walisoma Walawi 19:28, pale Waisraeli wanapokatazwa kujichanja kwa ajili ya wafu na kujiandika alama mwilini. Wengine walikwenda Kutoka 21, kwa mtumwa aliyepewa uhuru akaukataa kwa kumpenda bwana wake. Huyo alipelekwa mlangoni, sikio lake likatobolewa kwa shazia, naye akawa wa nyumba ile siku zote. Kitabu kile kile cha Sheria kinakataza alama na kinaamuru alama. Katekista wetu alitusaidia kuona kwamba katazo la Walawi limewekwa katikati ya desturi za maombolezo na uaguzi za mataifa ya jirani. Swali lililo nyuma yake ni hili: mwili huu ni wa nani, na alama hii inamfungamanisha mtu na nani?

Tuliangalia pia mbali na kwetu, kwa maana hatukuwa wa kwanza kuulizwa swali hili. Wamakonde wa pande zote mbili za Mto Ruvuma walichanja nyuso zao kwa mistari na pembe, na wanawake wao walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu. Wachongaji wao hawakuficha alama hizo. Katika vinyago vya mapiko huziweka kwa vipande vya nta juu ya uso wa mti, na mikono hiyo hiyo imechonga kwa mpingo misalaba na sanamu za Bikira Maria zilizopo katika makanisa mengi ya nchi hii. Jirani zetu Wasukuma nao wana Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alijenga pamoja na waamini kanisa lenye ishara za utemi wa Kisukuma, na tabernakulo yake ina umbo la nyumba ya mtemi. Walijiuliza Mfalme huyu angekaa wapi kama angekuja Usukumani, wakamjengea huko.

Mfano uliotushika zaidi ulitoka kwa Wamaori wa New Zealand. Wakuu wao walichorwa nyuso kwa patasi ndogo ya mfupa iliyokata mifereji kwenye ngozi, kisha masizi yakatiwa ndani. Michoro hiyo, inayoitwa moko, ilisimulia ukoo na cheo cha mtu, na hapakuwa na nyuso mbili zenye michoro iliyofanana. Mkuu aliyewekewa hati ya Wazungu mbele yake aliweza kuchora moko yake badala ya sahihi, kwa maana uso wake ulikuwa jina lake. Mwaka 1814 mkuu mmoja, Hongi Hika, akiwa mgeni wa mchungaji Mwanglikana Samuel Marsden huko Australia, aliombwa aonyeshe sura ya mkuu wa Kimaori. Alichukua nguzo ya mbao na kipande cha chuma, akachonga kichwa chake mwenyewe pamoja na kila mstari wa uso wake. Mwaka huo huo, siku ya Noeli, Marsden alihubiri Injili katika ghuba ya Oihi kwa mwaliko wa mkuu mwingine, Ruatara, ambaye ndiye aliyeyafikisha maneno yake kwa watu kwa lugha yao. Kwa hiyo habari ya kuzaliwa Kristo ilihubiriwa hadharani huko mbele ya wakuu wenye nyuso zilizochorwa. Hakuna aliyeambiwa akaoshe uso kwanza, na alama zile zisingeoshwa hata hivyo.

Hatusemi kwamba alama ziliwatakasa. Hongi Hika hakubatizwa kamwe, na baadaye aliongoza vita vya bunduki vilivyoua watu wengi wa makabila ya jirani zake. Wala Wazungu hawakuwa na mikono safi. Walifanya biashara ya vichwa vya Wamaori vilivyokaushwa, wakivinunua kwa sababu ya uzuri wa michoro ile ile, mpaka gavana wa Sydney alipoipiga marufuku mwaka 1831. Hapo tuliona jambo la kutisha: mtu anaweza kuipenda alama na kumdharau aliye nayo. Tungeweza sisi pia kupamba pango letu kwa masikio ya mzee, tukapongezwa na wageni, na mzee mwenyewe akabaki benchi la mwisho na kofia yake.

Kwa sababu hiyo tuliamua tusiendelee bila yeye. Watatu wetu tulikwenda kwake jioni, tukiwa tumeifunga sanamu kwenye kanga. Tulimwamkia, tukakaa, tukazungumza habari za mvua na ng'ombe kama inavyostahili, kisha tukafungua. Aliishika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye kitanzi cha waya.

"Tata," tulimwambia, "tumekuja kukuuliza kama huyu aende kanisani."

Alicheka kidogo, akavua kofia. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kumwona bila kofia. Akasema, "Mura, mimi kanisani nilikwenda zamani. Huyu ndiye anayechelewa."

Tulimweleza neno la mama yule juu ya wembe. Hakuchukizwa. Alinyamaza, halafu akasema kwamba mama amesema kweli. Masikio yake alitobolewa akiwa mtoto na hakuna aliyemuuliza, lakini alikua, alichunga, alioa, na masikio hayakumzuia kitu. Dada yake, alisema, alikatwa, na akafa akijifungua mtoto wa kwanza. "Mambo haya mawili yalitoka nyumba moja," alisema. "Msiniweke pale kwa sababu ya masikio. Mniweke kwa sababu nilikuja."

Maneno hayo tuliyabeba kurudi kwenye jumuiya, na yametufundisha zaidi ya semina nyingi. Tulikuwa tunaulizana kama mila ni nzuri au mbaya, kana kwamba mila ni gunia moja la kubebwa lote au kutupwa lote. Mzee alilifungua gunia. Tulimkumbuka Bwana wetu mfufuka, ambaye Injili ya Yohana inatuonyesha akiwa na mwili wa utukufu na bado una matundu. Angeweza kuyafunga. Aliyaacha, na ni kwa hayo Tomaso alimtambua. Mungu haoni aibu kwa mwili uliotobolewa. Lakini matundu yale yalitiwa na watu wakatili, na Yesu aliyabeba bila kumtia mwingine jeraha lolote. Hicho kimekuwa kipimo chetu. Alama ambayo mtu anaibeba, Kristo anaipokea pamoja na mtu huyo. Kisu anachotaka kumshikia mwingine, hasa mtoto asiye na nguvu ya kukataa, anaambiwa akiweke chini kabla ya kufika horini, awe na masikio marefu au mafupi, awe amevaa blanketi au suti.

Mama yule hakubadili mawazo yake yote. Mpaka leo anasema angeona afadhali mjusi yule awe na masikio ya kawaida. Lakini alichukua donge la udongo lililobaki akafinyanga msichana mwenye urefu wa nusu kiganja. Alimpaka yeye peke yake, hakuruhusu mtu amshikie brashi. Sketi ya shule, sweta la buluu, miguu pekupeku yenye vumbi jekundu hadi magotini. Vumbi lile alilitia kwa sifongo kavu, kidogo kidogo, na ni kazi nzuri kuliko zote pangoni. Kisha akamweka kati ya mzee na hori, mbele kabisa, karibu na Mama Maria kuliko Mamajusi wote. Hatukumuuliza ni msichana yupi.

Usiku wa Noeli watu walipita kuabudu. Watoto waliwatambua ng'ombe kwanza. Vikongwe wawili walisimama mbele ya mzee wa udongo, wakaguswa, wakagusa masikio yao wenyewe. Baba mmoja, ambaye jina la ukoo wake linajulikana sana katika mambo ya mila, alimtazama yule msichana mdogo kwa muda mrefu, akaondoka bila kusema neno. Hatujui aliwaza nini, na si juu yetu kumjazia. Mzee wetu alikuja na kofia. Siku ya Epifania alikuja bila kofia, akakaa benchi lile lile la mwisho kwa sababu, alisema, hapo ndipo upepo unapopita.

Ndugu zetu katika vigango vingine, hatuwaandikii ili mfinyange kama sisi. Sanamu za dukani zinatosha kwa sala. Tunawaomba jambo dogo. Mnapopanga pango lenu mwaka huu, tazameni nyuma hadi benchi la mlangoni, mwone ni nani amekaa pale akificha kitu ambacho Mungu hajawahi kumwambia akifiche. Mwendeeni nyumbani, mumwulize, msimfanye pambo. Kisha, mkiishi huku kwetu ambako Desemba ina sura mbili, acheni kando ya hori nafasi tupu ya ukubwa wa mtoto, na usiku msifunge komeo la mlango wa nje mapema mno. Anaweza kuwa yuko njiani, miguu ikiwa na vumbi, akitafuta nyumba yenye taa.